Mvua ya Kuoshea Bati

Ninyi vijana wa idara ya maji mna swali lenu moja, na mkifika hapa kwangu Masasi lazima mlitoe hata chai haijapoa. "Mama, enzi zenu bila satelaiti mlijuaje mvua itanyesha lini?" Huwa najibu kwamba hatukujua, na ninyi pia hamjui, tofauti ni kwamba ninyi hamjui kwa rangi nzuri kwenye kioo. Mnacheka, mnasema Mama anatania. Basi safari hii naandika, maana maneno ya mdomoni mnayamalizia getini.

Nitawaeleza mwaka nilipopiga hesabu safi kuliko zote nilizowahi kupiga, hesabu iliyonirusha kutoka kwenye kiti kwa furaha, na hesabu hiyohiyo ikakaribia kukausha tangi la chumba cha kujifungulia. Hata leo nikiikumbuka naona aibu na raha kwa pamoja. Raha imezidi, siwafichi.

Kwa wale mliopangiwa kazi juu kule mkitokea Mwanza au Dodoma, jueni kwamba uwanda wa Makonde ni mchanga. Mvua inaweza kunyesha mpaka mbuzi wakaingia jikoni, na nusu saa baadaye unatembea na viatu vikavu. Maji yote yanazama, yanakwenda kutokea chini mabondeni. Unasimama ukingoni pale Newala unauona Mto Ruvuma unang'aa kule chini, na huna maji ya kunawa uso. Kwa hiyo maisha ya juu kule ni mambo mawili: pampu ya dizeli inayosukuma maji kutoka bondeni, na mvua unayoikamata kwenye bati kabla haijagusa ardhi. Pampu ikifa na mvua ikichelewa, yanabaki madumu na miguu ya akina mama.

Mimi nilikuwa fundi sanifu wa maji, msichana wa Kimakua wa hapahapa Masasi, cheti changu cha chuo bado kinanukia wino. Nilipangiwa Newala. Wamakonde ni watani zetu, hivyo siku ya kwanza tu ofisini nilipokewa kwa kuulizwa kama Wamakua wameishiwa wanaume mpaka wanatuma wasichana kupima maji. Nikawajibu kwamba wanaume wetu wanapima vitu vigumu, maji ya Wamakonde ni machache, msichana anatosha. Tangu siku hiyo nikaitwa Dada Fundi.

Bosi wangu alikuwa Bwana Kamugisha, mhandisi wa Bukoba, mrefu, mpole, na mwenye kaida ya kukunja suruali hata siku za kiangazi kwa sababu kwao tope haliishi. Yeye ndiye aliyenifundisha modeli. Siku moja alichukua kikombe chake cha chai, akamimina, akanywa funda, akamimina tena. "Umeona?" akasema. "Kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki. Ukiweza kuandika hivyo kwa kila siku ya mwaka, umeandika modeli. Mengine yote ni mapambo." Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo na sijaona cha kuongeza.

Ila hicho kinachoingia! Hapo ndipo kazi ilipo. Kinachoingia ni mvua, na mvua tuliijua kwa vipimo vilivyosimikwa vijijini, na vipimo vilisomwa na watu. Sikilizeni vizuri hapa. Bwana mmoja upande wa Tandahimba alituletea daftari lake, limepigwa mistari kwa rula, linapendeza. Nikaliingiza lote, nikaona kwamba kijijini kwake mvua hunyesha siku za Ijumaa tu. Wiki nzima kukavu, Ijumaa gharika. Nikahangaika nayo siku mbili, nikaanza hata kutafuta sababu za kisayansi, aibu yangu. Bwana Kamugisha akaniambia panda baiskeli nenda. Nikakuta kipimo kimesimikwa nyuma ya msikiti, na yule bwana anaishi shambani. Alikuwa anakisoma mara moja kwa wiki, akija kuswali. Hakudanganya hata tone, aliandika alichokikuta.

"Daftari la mtu," Bwana Kamugisha aliniambia niliporudi, "usilirekebishe kabla hujakaa kwake siku saba."

Nikasema sawa, mzee. Mngeniona nilivyotikisa kichwa, mngedhani nimeelewa.

Sasa ndiyo zikaingia zile zama za ruksa, soko huria. Wanunuzi binafsi wa korosho walianza kupanda uwandani na malori yao, na palepale nyumba za nyasi zikaanza kuvaa bati. Mnajua maana yake kwa mtu wa maji? Kila bati ni shamba la mvua! Watu walifunga gata, wakachimba matangi ya simenti chini ya ardhi uani kwao, na mimi nikapita nyumba kwa nyumba na futi yangu ya kupimia, nachora, nahesabu, nasahau hata kula. Upande wa pili wa zama zilezile, mambo yalikuwa magumu. Spea za pampu, ambazo zamani zilikuja kwa barua ya serikali, sasa vijiji viliambiwa viunde kamati za maji na vijitafutie. Pampu ikipiga chafya, kamati inakwenda Mtwara kuzunguka madukani na chuma kilichovunjika mfukoni.

Na kompyuta ikaja. Mradi mmoja wa wafadhili uliileta, ikawekwa katika ofisi ya mradi hapa Masasi, ikafunikwa kitambaa kilichodariziwa maua, na ilikuwa lazima uvue viatu mlangoni. Nilikuwa nateremka na basi kutoka Newala na madaftari yangu kwenye kikapu, nasubiri jenereta iwashwe, naingia pekupeku. Vijana, sijui niwaeleze vipi. Ile siku ya kwanza nilipoandika kikombe cha Bwana Kamugisha kwenye ile mashine, kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki, nikabonyeza, na kwenye kioo tangi likajaa na kupungua mwaka mzima kwa muda wa kupiga mwayo, nilipiga ukelele. Mlinzi alikuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Tangi nililoandika lilikuwa la zahanati moja upande wa Makote. Kijiji sikitaji, wenyewe wapo na wana maneno. Lilikuwa tangi kubwa la chini, linajazwa na bati la zahanati yenyewe, na bomba la pampu likiingia pembeni kuongezea. Humo yalitoka maji ya kunawa mikono, ya kufulia mashuka, na zaidi ya yote ya chumba cha kujifungulia. Mkunga alikuwa Nesi Theresia. Na mtunza tangi, ambaye pia ndiye alikuwa anasoma kipimo cha mvua kilichosimikwa uwanjani pale, alikuwa mhudumu wa zahanati, Mama Somoe.

Nitawaambia kuhusu Mama Somoe. Mfupi, kanga mbili, maneno machache, na jicho moja linakuangalia kama linakupima ujazo. Daftari lake la mvua lilikuwa bora kuliko yote wilayani. Hakukosa siku. Nililipenda daftari lile kupita kiasi, nikalifanya ndilo msingi wa modeli yangu.

Mpaka siku moja, pekupeku mbele ya kompyuta, nikaona jambo. Kulikuwa na tarehe ya mwishoni mwa kiangazi cha mwaka uliotangulia ambayo niliikumbuka vizuri, kwa sababu siku hiyo nilikuwa kijijini kwake na mvua ya kwanza ilinikuta barabarani, nikaingia zahanati nimelowa chapachapa, Nesi Theresia akaniazima kanga. Nikatafuta tarehe ile kwenye daftari. Mstari mtupu. Hakuna mvua!

Wiki ile ile nikapanda Makote.

"Shikamoo Mama Somoe."

"Marahaba mwanangu. Umepungua."

"Mama, mwaka jana siku ile nilipolowa hapa, mbona hukuandika mvua?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ile? Ile ilikuwa ya kuoshea bati. Haiandikwi."

Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Kiangazi chote watu wanapulizia mikorosho salfa, ule unga wa njano wa kuua ubwiri, ukungu unaoshambulia majani na maua. Upepo unaubeba, unatua kila mahali, na kwenye bati unalala pamoja na majani, vumbi na mavi ya ndege. Kwa hiyo mvua ya kwanza haiingizwi tangini. Bomba la gata linageuzwa pembeni, bati linaoga, maji machafu yanamwagika chini. Wakati mwingine na mvua ya pili pia. Ukishaona maji yanatoka meupe, ndipo unaingiza bomba. Na Mama Somoe, siku anayoingiza bomba, ndiyo siku anayofungua daftari la mvua.

"Miaka yote, Mama?"

"Miaka yote. Ningeandikaje maji ambayo mtu hawezi kunywa?"

Ndugu zangu, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi. Nilikuwa nimegundua kosa kubwa kuliko la yule bwana wa Ijumaa! Kila mwaka, katika daftari bora kuliko yote wilayani, mvua za kwanza hazikuwemo. Kwa hiyo modeli yangu ilikuwa inaamini mvua inaanza kwa kuchelewa, kumbe inaanza mapema. Sikukaa siku saba kwa Mama Somoe. Sikukaa hata mpaka chai ichemke. Nilikimbia Newala, nikachukua rekodi za kipimo cha mjini, nikachopoa tarehe za mvua za kwanza, nikazichomeka kwenye daftari lake mwaka kwa mwaka. Nikateremka Masasi, nikavua viatu, nikabonyeza.

Mambo yakabadilika! Kwa wastani, tangi lilianza kupokea maji wiki kadhaa mapema kuliko tulivyodhani. Maana yake, kila mwaka watu walikuwa wanabana maji bure mwishoni mwa kiangazi. Hapo ndipo niliporuka kutoka kwenye kiti. Nilijiona nimewakomboa watu kwa kidole kimoja.

Na pampu ikachagua mwaka huohuo kufa. Kamati ilizunguka Mtwara, ikarudi na spea isiyo yake, ikazunguka tena. Kiangazi kilikuwa kimekomaa, korosho ziko chini ya miti zinataka mikono, na mikono yote ya akina mama iko njiani kupanda na kushuka bonde. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano uwanjani pa zahanati, akauliza kama tangi linaweza kufunguliwa, kila nyumba ipate dumu kidogo kidogo mpaka mvua.

Nilisimama na karatasi yangu ndefu kutoka kwenye mashine, imeunganika kama utepe, nikawashikisha watu wawili miisho yake ili wote waone mstari. Nikawaeleza. Nilieleza vizuri, jamani, hata mimi nilijipenda. Nikasema fungueni, mvua itaanza karibuni na tangi litaanza kujaa.

Mama Somoe alinyanyua mkono. Alikuwa ameshika ufito wake. Ule ufito sijawaeleza bado: alikuwa anauzamisha tangini kila asubuhi, na ulikuwa umekatwa alama tatu kwa kisu. Maji yakishuka alama ya kwanza, mashuka ya zahanati yanapelekwa kufuliwa bondeni. Yakishuka ya pili, ndugu wa kila mjamzito anayekaribia wanaanza kuleta dumu moja moja la akiba. Yakishuka ya tatu, ufunguo wa tangi anachukua Nesi Theresia na maji yanaingia chumba cha kujifungulia tu.

"Tupo karibu na alama ya kwanza," alisema. "Dada Fundi, bati halijaoshwa."

"Mama, mvua ya kwanza itaosha na kujaza hapohapo."

"Haijazi."

"Kwa wastani inajaza," nikasema. Watu wakapiga makofi. Neno wastani lilikuwa na heshima siku zile.

Tangi likafunguliwa.

Sasa niwape raha kidogo kabla ya kichapo. Mvua ya kwanza ilinyesha katika wiki ileile niliyoitaja! Nilikuwa kijijini. Mbingu zilipasuka mchana, watoto wakatoka uchi, akina mama wakapiga vigelegele, mwenyekiti akanishika mikono miwili kwenye mvua akaitikisa mpaka bega likauma. "Dada Fundi! Dada Fundi!" Nikazunguka nyuma ya zahanati kwenda kulishuhudia tangi langu likijaa.

Bomba lilikuwa limegeuzwa pembeni. Maji yanamwagika mchangani, mazito, ya njano, yananuka salfa mpaka macho yananiwasha. Mama Somoe amesimama hapo na ndoo, anayatazama.

"Ingiza bomba!" nikampigia kelele. "Mama Somoe, ingiza bomba, mvua inapotea!"

"Haya maji umwogeshee mtoto mchanga?" akaniuliza. "Haya hapa. Wewe nawa uso kwanza."

Sikunawa. Nilisimama nimelowa, nikaangalia hesabu yangu yote ikizama mchangani. Nikajifariji kwamba kesho itanyesha nyingine.

Haikunyesha kesho. Haikunyesha wiki ile wala iliyofuata. Jua lilirudi kana kwamba halikuwahi kuondoka. Na hapo, vijana wangu, ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na nilikielewa nikiwa nimeketi kwenye mkeka wa Mama Somoe. Nilikwenda kukaa kwake zile siku saba nilizodaiwa na Bwana Kamugisha. Juu ya uwanda, mvua ya kwanza huja, inaosha, halafu mara nyingi inaondoka. Ya kunywa huja baadaye, na hakuna ajuaye baadaye gani. Daftari la Mama Somoe halikuwa na kosa. Lilikuwa halipimi mvua, lilikuwa linapima maji yanayoingia tangini, kitu kilekile hasa ambacho modeli yangu ilikuwa inakihitaji! Yeye alikuwa ameshapiga hesabu miaka yote, akaniandikia jibu, na mimi nikaenda nikaliharibu kwa usahihi mkubwa.

Nesi Theresia aliniita pembeni. "Wako wawili wanaokaribia," alisema. "Mmoja ni uzao wa kwanza, mwingine ana mapacha. Kwenye mapacha damu huwa inatoka nyingi. Nikisema nataka maji, siku hiyo nataka ndoo, sitaki karatasi."

Nilikwenda na ufito mwenyewe. Maji yalikuwa chini ya alama ya pili na yanasogelea ya tatu. Niliogopa kwa ajili ya wale wanawake wawili kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na niliogopa pia kwa ajili yangu, kwa sababu ningelazimika kusema.

Mkutano wa pili ulikuwa uwanjani palepale. Bwana Kamugisha alipanda kutoka Newala, nikajua amekuja kunisemea. Nikamwomba aketi. Nikasimama bila karatasi.

"Nilikosea," nikasema. "Mama Somoe alikuwa sahihi, nami sikumsikiliza. Tangi lifungwe leo."

Minong'ono. Mwenyekiti akajikohoza. "Haya, tumesikia. Kukosea kupo. Sasa, Dada Fundi, hii mvua ya pili itanyesha lini?"

Ungedhani hapo ningekuwa na jibu. Nilikuwa na madaftari yote kichwani. Nilijua miaka ambayo ilirudi baada ya siku tatu na miaka ambayo watu walikaa mwezi. Nilimtazama Bwana Kamugisha, naye akatazama suruali yake iliyokunjwa.

"Sijui," nikasema.

Mzee mmoja nyuma akaangua kicheko. "Nnungu wangu! Serikali haijui!" Uwanja mzima ukacheka, wengine kwa hasira, wengine kwa kweli, na mimi nikasimama katikati nikitamani ardhi inimeze, maana ardhi ya kule inameza kila kitu.

Mama Somoe akanyanyuka na ufito wake. Hakucheka.

"Vizuri," akasema. "Sasa tumeshajua kwamba hajui. Tunaweza kupanga."

Nataka mlisikie neno hilo kama nilivyolisikia mimi, kwa sababu hapo ndipo utaalamu wangu ulipoanza, miaka baada ya cheti. Mwanamke yule alipanga kwa nusu saa. Hakutaja mvua hata mara moja. Alitaja alama. Nyumba zote zilizochota tangini zingerudisha dumu moja kwa zamu kutoka bondeni. Wenye matangi yao uani wasingedaiwa kitu leo, ila maji ya tangi la zahanati yakigusa alama ya tatu, kila tangi la nyumba lingetoa ndoo moja siku hiyohiyo. Ufunguo kwa Nesi Theresia kuanzia sasa. Kila mtu alijua la kufanya maji yakiwa hapa, na la kufanya yakiwa pale. Mvua ije lini, hilo lilibaki kuwa la mvua.

Usiku ule sikungoja kitu, asubuhi nikateremka Masasi na basi la kwanza. Nikafuta tarehe zote nilizochomeka. Nikalirudisha daftari la Mama Somoe kama alivyoliandika, mstari kwa mstari. Nikaacha kuiuliza mashine mvua itaanza lini kwa wastani. Nikachukua kila mwaka kama ulivyokuwa, ule mbaya na ule mzuri, nikaupitisha kwenye tangi mmoja mmoja, nikauliza swali jingine: tukifunga kwenye alama hii, ni miaka mingapi kati ya hii yote chumba cha kujifungulia kingekosa maji? Halafu nikasogeza alama kidogo, nikauliza tena. Nikasogeza tena. Kwenye kioo alama zikaanza kukaa mahali pake, na mahali pake palikuwa karibu palepale kisu cha Mama Somoe kilipokata. Ya tatu tu ndiyo mashine ilitaka ipande vidole viwili, ili tuwahi kidogo kabla maji hayajaisha. Sikupiga ukelele safari hii. Nililia kidogo kwa furaha, mlinzi akajifanya haoni.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, wanangu. Ninyi leo mna majina makubwa ya jambo hili na semina za siku tano hotelini. Fanyeni, ni vizuri. Ila mkifika kijijini, tafuteni kwanza nani anashika ufito, na mumuulize kwa nini hakuandika kile ambacho hakuandika. Pimeni tangi asubuhi kabla halijaguswa. Simamisheni ufito wima, msiuegemeze ukutani, utawadanganya. Na msisimame mbele ya watu kusema wastani, maana hakuna mtu aliyewahi kunywa wastani.

Nilirudi Makote na alama yangu ya vidole viwili. Mama Somoe aliniangalia kwa lile jicho, akauliza, "Mashine ndiyo imesema?" Nikasema ndiyo, lakini kwa kusoma daftari lako. Akatoa kisu, akakata.

Zamu yangu ya dumu nilibeba pia, maana nilisema mbele ya watu kwamba nimekosea. Kutoka bondeni mpaka juu, mtoto wa Masasi asiyezoea, nilipumzika mara nyingi kuliko mabibi vizee waliokuwa wananipita wakinipa pole za utani. Mmoja aliniuliza kama dumu la Wamakua lina jiwe ndani.

Yule wa uzao wa kwanza alijifungua salama, kwa maji kidogo. Mwenye mapacha aliletwa siku chache baadaye, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Maji tangini yalikuwa yamegusa alama ya tatu, ile mpya. Mama Somoe hakupaza sauti wala kumtuma mtu. Alitoka tu na ufito, akausimamisha mlangoni pa zahanati ili wapita njia wauone ulivyolowa. Na ndoo zikaanza kuja. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano, kila tangi la uani ndoo moja, wanawake wanaziweka ukumbini, hawaongei, wanaondoka. Mwenyekiti alileta ya kwake kichwani, mwanaume mzima, na hakuna aliyemcheka.

Pacha wa kwanza alitoka vizuri. Wa pili alichelewa, na damu ikaja kama Nesi Theresia alivyosema. "Maji!" akaita. Nikaingiza ndoo. "Maji!" Nikaingiza nyingine. Sikuhesabu. Maisha yangu yote nimehesabu maji, na ndoo za siku ile sikuzihesabu, nilikuwa nanyanyua tu. Alipoita tena nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Halafu hakuita tena, na tukasikia sauti mbili ndogo, moja baada ya nyingine. Nesi Theresia akatokeza kichwa, jasho linamtiririka, akasema mama yuko hai, anaomba uji.

Nilitoka nje na ndoo tupu. Mama Somoe alikuwa ameketi ngazini, ufito magotini. Nilitazama juu, upande wa Ruvuma, upande wa Tandahimba, pande zote. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, hapakuwa na wingu hata moja. Ukumbini nyuma yetu zilikuwa zimebaki ndoo nne zimejaa.